Kuanza Kukusanya Sarafu Afrika Mashariki: Maswali na Majibu

Ukusanyaji wa sarafu ni burudani inayoweza kuanzishwa kwa kiasi kidogo cha fedha, lakini haiwezi kuendelea bila utaratibu. Anayerundika sarafu kuukuu ndani ya mkebe ana vipande vya metali tu, ilhali anayezipanga, akazisoma, akaandika zilikotoka na akazilinda zisiharibike ana kumbukumbu ya utawala, biashara na maisha ya watu ambayo mara nyingi haikuandikwa mahali pengine popote. Majibu yafuatayo yamekusudiwa mwanagenzi anayeishi Tanzania, Kenya au nchi jirani, na mifano yake imechukuliwa kutoka katika sarafu zilizopita mikononi mwa watu wa eneo hili, kwa kuwa hizo ndizo anazoweza kuziona, kuzishika na kuzielewa bila kwenda mbali.

Elimu ya sarafu inachunguza nini, na mkusanyaji ana nafasi gani ndani yake?

Elimu ya sarafu ni tawi la historia linalochunguza fedha za metali, pamoja na noti na medali, kwa kuuliza nani aliamuru zitolewe, zilitengenezwa wapi, kwa metali gani, zilizunguka katika maeneo yapi na ziliachwa kutumika kwa sababu ipi. Sarafu ni ushahidi wa pekee, kwa kuwa ilitolewa kwa amri ya mtawala, ikasambazwa kwa maelfu, ikabeba jina lake, kisha ikafika mahali ambapo yeye mwenyewe hakuwahi kufika. Sarafu ya shaba ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa, aliyekuwa akitawala Ibn Battuta alipoutembelea mji huo mwaka 1331, ilipatikana katika magofu ya Zimbabwe Kuu, na kipande hicho kimoja kidogo huwapa wanahistoria ushahidi wa uhusiano uliokuwapo kati ya mwambao wa Waswahili na nchi za bara zilikochimbwa dhahabu.

Mkusanyaji binafsi ana nafasi yake katika elimu hiyo, kwa sababu makumbusho hayawezi kuhifadhi kila senti iliyowahi kutumika sokoni, na tofauti nyingi ndogondogo za sarafu za kawaida hutambuliwa kwanza na wapenzi wanaozitazama kwa subira. Istilahi chache zinamtosha kuanzia: upande wa mbele ni ule wenye picha, jina au taji la mamlaka iliyotoa sarafu, upande wa nyuma kwa kawaida huonyesha thamani au nembo, ukingo ni ule unene unaoonekana sarafu inaposimamishwa, muhuri ni chuma kilichochongwa ambacho hupigwa kwa nguvu juu ya kidonge cha metali ili kukitia picha, na alama ya kiwanda ni herufi ndogo inayotaja mahali ambapo sarafu ilipigwa.

Ni sarafu zipi zilizotumika Afrika Mashariki katika vipindi mbalimbali?

Kipindi cha kwanza ni cha miji ya mwambao, ambapo watawala wa Kilwa walitoa sarafu za shaba zisizo na tarehe, zenye maandishi ya Kiarabu ya kumtegemea Mungu upande mmoja na jina la mtawala upande wa pili, pande hizo mbili zikikamilishana kwa vina. Kipindi cha pili ni cha fedha za kigeni zilizokubaliwa na wafanyabiashara, hasa reale ya Maria Theresa, ambayo ni sarafu kubwa ya fedha ya Austria, na rupia ya India, iliyogawanywa katika pesa 64. Katika kipindi hichohicho Sultani Barghash bin Said wa Zanzibar alitoa sarafu zake mwenyewe, zikiwamo pesa za shaba zenye picha ya mizani na mwaka wa Hijria 1299, na kuanzia mwaka 1888 Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki ikatoa sarafu zenye jina la Mombasa.

Kipindi cha tatu ni cha ukoloni. Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilianza kutoa pesa na rupia zake mwaka 1890, na mwaka 1904 rupia hiyo ikaanza kugawanywa katika heller 100 badala ya pesa 64. Upande wa Waingereza, rupia iligawanywa katika senti 100, na zile senti ndogo zenye tundu katikati zikaingia sokoni kuanzia miaka ya 1906 na 1907. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliundwa London mwaka 1919, ikaleta florini mwaka 1920, na baada ya muda mfupi sana ikaiacha na kuleta shilingi, ambayo sarafu zake za kwanza zina tarehe ya 1921 na picha ya simba aliyesimama mbele ya milima. Zanzibar nayo iliacha rupia yake na kujiunga na shilingi hiyo mwaka 1936. Kipindi cha nne kilianza mwaka 1966, Tanzania, Kenya na Uganda zilipoanza kutumia sarafu zao wenyewe chini ya benki kuu zao.

Mwanagenzi achague kukusanya nini kwanza?

Kosa linalowakatisha tamaa wengi ni kukusanya kila kitu kwa pamoja, kwa kuwa mkusanyiko usio na mpaka haumwonyeshi mwenyewe ameelekea wapi na amebakiza nini. Inafaa achague uwanja mwembamba wenye mwanzo na mwisho unaojulikana, ambao sarafu zake nyingi zinapatikana kwa bei nafuu. Uwanja unaotimiza masharti hayo vizuri kuliko mwingine wowote katika eneo hili ni ule wa senti zenye tundu, unaoanzia katika miaka ya kwanza ya karne ya 20 na kuishia kwenye senti 5 na senti 10 za mwaka 1964, zilizotolewa baada ya uhuru zikiwa hazina tena jina la mfalme wala malkia. Tundu la katikati liliwawezesha watu kuzitunga senti kwenye uzi na kuzitofautisha na nyingine kwa kugusa tu, na pembe mbili za ndovu zilizochorwa kulizunguka zimeifanya sarafu hiyo itambulike kwa urahisi hata ikiwa imechakaa.

Ndani ya uwanja huo kuna njia mbili za kupanga. Kukusanya kwa aina ni kutafuta sarafu moja ya kila muundo, yaani moja ya kila thamani chini ya kila mtawala na kila metali, na kwa njia hiyo mkusanyiko hukamilika mapema na kuonyesha mabadiliko makubwa. Kukusanya kwa tarehe ni kutafuta kila mwaka na kila alama ya kiwanda, kazi inayoweza kuchukua miaka mingi na kudai pesa nyingi zaidi pale inapofikia miaka adimu. Ni busara kuanza kwa aina na kuingia katika tarehe baada ya jicho kuzoea.

Sarafu moja inasomwaje?

Usomaji wa makini unaweza kuonyeshwa kwa senti 10 ya mwaka 1936 yenye jina la Edward VIII. Mfalme huyo alirithi kiti cha Uingereza Januari 1936 na kukiacha Desemba mwaka huohuo kabla ya kutawazwa, kwa hiyo nchini mwake mwenyewe sarafu zenye sura yake hazikuingia katika matumizi ya kila siku. Sarafu zenye tundu za Afrika Mashariki hazikuwa na nafasi ya sura, bali zilibeba taji na jina tu, na kwa sababu hiyo zilitengenezwa mapema na kusambazwa. Hivyo jina la mfalme aliyetawala kwa chini ya mwaka mmoja liliingia katika mifuko ya wachuuzi wa Mombasa, Kampala na Dar es Salaam, na senti hizo bado zinapatikana kwa bei ambayo mwanagenzi anaweza kuimudu.

Baada ya jina na tarehe, jicho litafute alama ya kiwanda. Senti 10 za Edward VIII zisizo na herufi zilipigwa London, zenye herufi H zilipigwa katika kiwanda cha Heaton mjini Birmingham, na zenye KN zilipigwa katika kiwanda cha King's Norton katika mji huohuo. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, usafiri wa meli kutoka Uingereza ulipokuwa wa hatari, baadhi ya sarafu zilipigwa Pretoria na kutiwa herufi SA, na nyingine Bombay zikatiwa herufi I, kwa hiyo herufi moja inatosha kueleza vita vilivyobadilisha njia za biashara.

Maandishi nayo yasomwe hadi mwisho. Sarafu za mwanzo za George VI zinamwita kwa Kilatini kuwa ni mfalme na pia mtawala mkuu wa India, lakini zile zilizotolewa kuanzia mwaka 1948 zimeondoa cheo hicho, kwa kuwa India ilikuwa imejitawala mwaka 1947. Shilingi za mfalme huyohuyo zilibadilika hata ndani ya metali yake: kuanzia mwaka 1921 hadi 1946 shilingi ya Afrika Mashariki ilikuwa na robo ya madini ya fedha, na kuanzia 1948 ikatengenezwa kwa kupronikeli, yaani mchanganyiko wa shaba na nikeli usio na madini ya fedha kabisa.

Mwaka wa Hijria kwenye sarafu za Zanzibar unageuzwaje?

Mwaka wa Hijria hufuata mwezi na ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa takribani siku 11, kwa hiyo kujumlisha 622 peke yake hakutoshi. Kanuni rahisi ni kuzidisha mwaka wa Hijria kwa 0.97 kisha kujumlisha 622. Kwa pesa ya Sultani Barghash yenye tarakimu ١٢٩٩, yaani 1299, jibu ni takribani 1882, na kwa kuwa miaka miwili hiyo haianzi siku moja, wataalamu huandika 1881 hadi 1882. Mwanagenzi asiyesoma Kiarabu anaweza kujifunza tarakimu zake kumi kwa siku chache, na juhudi hiyo humfungulia pia sarafu za Oman, Misri na nchi nyingine zilizofanya biashara na mwambao.

Hali ya sarafu hupimwa kwa vigezo gani?

Hali ni kiasi ambacho sarafu imebakiwa na sura yake ya siku ya kwanza, na hupimwa kwa kutazama sehemu zilizoinuka zaidi, kwa kuwa hizo ndizo zinazosuguliwa kwanza. Kwenye shilingi ya George V hutazamwa mapambo ya taji, nyusi na masharubu ya mfalme, na upande wa nyuma manyoya na ubavu wa simba. Sehemu hizo zikiwa zimekuwa bapa huku maandishi ya pembeni yakisomeka vizuri, sarafu hiyo ina hali ya wastani. Wafanyabiashara wa kimataifa hutumia kipimo cha alama 1 hadi 70 kilichotokana na kazi ya Mmarekani William Sheldon iliyochapishwa mwaka 1949, ambapo alama 60 na kuendelea ni za sarafu ambazo hazikuwahi kutumika.

Mwanagenzi hahitaji kukariri alama zote 70. Madaraja manne yanamtosha: isiyotumika, ambayo haina mchubuko kwenye sehemu zilizoinuka na bado ina mng'aro wa kiwandani, nzuri sana, ambayo imechakaa kidogo tu, ya wastani, ambayo mistari midogo imefutika, na iliyochoka, ambayo imebaki na umbo na tarehe tu. Kasoro nyingine, kama vile mkwaruzo, tundu lililotobolewa baadaye au alama ya kulehemu, ziandikwe pembeni bila kufichwa.

Je, sarafu ya zamani ndiyo yenye bei kubwa?

Umri peke yake haupandishi bei. Bei hutokana na mambo matatu yanayokutana, ambayo ni uchache wa sarafu zilizobaki, hali yake, na idadi ya watu wanaoitafuta. Reale ya Maria Theresa ni mfano wa kuonya, kwa sababu malkia huyo alifariki mwaka 1780 na tarehe hiyo ikaachwa palepale, huku sarafu zikiendelea kupigwa katika Vienna, London, Bombay, Roma na kwingineko kwa ajili ya masoko ya Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi. Kwa hiyo reale nyingi zenye mwaka 1780 zilipigwa katika karne ya 19 na ya 20, na bei yake huwa karibu na thamani ya madini ya fedha yaliyomo.

Upande wa pili kuna sarafu changa zilizo adimu. Mwaka 1916, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, njia za baharini zilipokuwa zimefungwa, utawala wa Kijerumani uliokuwa umehamia Tabora ulitumia karakana ya reli ya mji huo kupiga heller 5 za shaba njano, heller 20 za shaba na za shaba njano, na rupia 15 za dhahabu kutoka katika mgodi wa Sekenke, zenye picha ya tembo mbele ya milima. Rupia hizo za dhahabu zilikuwa zaidi kidogo ya 16,000, na leo zinatafutwa na wakusanyaji duniani kote. Heller 20 za Tabora ni nyingi zaidi na zina somo zuri la utazamaji, kwa kuwa zilipigwa kwa mihuri iliyochongwa mahali hapohapo kwa zana za kubahatisha. Mtu akitumia lenzi ataona kwamba baadhi zina taji kubwa na nyingine taji dogo, na kwamba ncha za herufi L katika neno la thamani zimepindwa kwenye muhuri mmoja na kunyooka kwenye mwingine.

Je, sarafu chafu isafishwe?

Jibu la wataalamu karibu wote ni kwamba isisafishwe. Rangi ya kahawia, nyeusi au ya samawati inayoonekana juu ya sarafu ya miaka mingi ni tabaka jembamba linalotokana na metali kukutana na hewa, nalo huilinda metali iliyo chini yake na kuthibitisha kwamba uso wa sarafu haujaguswa. Anayeisugua kwa majivu, ndimu, ukwaju au dawa ya meno huondoa tabaka hilo pamoja na sehemu ya sarafu yenyewe, na kuacha mistari midogo isiyohesabika ambayo lenzi huifichua mara moja. Hasara hiyo haiwezi kurudishwa, na bei ya sarafu adimu inaweza kushuka vibaya kwa dakika chache za bidii isiyo na elimu.

Kinachoruhusiwa ni kuondoa udongo uliolegea kwa kuiloweka sarafu katika maji yaliyotoneshwa, yaani maji yaliyochemshwa hadi kuwa mvuke na kukusanywa tena yakiwa hayana chumvi, kisha kuikausha kwa kuigusagusa na kitambaa laini bila kusugua. Sarafu za shaba zenye unga wa kijani kibichi unaorudi kila unapofutwa zina ugonjwa unaoletwa na chumvi, ambao huila metali polepole; zitengwe na nyingine, zikaushwe vizuri na kuonyeshwa kwa mtaalamu wa uhifadhi.

Zitunzwe vipi katika joto na unyevu wa mwambao?

Adui wa kwanza wa mkusanyiko wa Tanga, Mombasa au Zanzibar ni hewa yenye unyevu na chumvi. Historia ya senti zenyewe inalithibitisha jambo hilo, kwa kuwa senti 1 za mwanzo, za miaka ya 1907 na 1908, zilitengenezwa kwa alumini, metali ambayo haikustahimili hali ya hewa ya eneo hili, na muda mfupi baadaye ikaachwa na kupronikeli ikashika nafasi yake. Hii ndiyo sababu senti za alumini zilizo safi ni vigumu kuzipata. Sarafu ziwekwe katika kisanduku kinachofungika vizuri, pamoja na vifuko vya silika vinavyofyonza unyevu, ambavyo hubadilishwa au kukaushwa tena vinapojaa, na kisanduku kikae mbali na jiko, bafu na ukuta wa nje unaopata mvua.

Adui wa pili hununuliwa na mkusanyaji mwenyewe bila kujua. Mifuko laini ya plastiki ya PVC hutoa kemikali inayoacha utando wa kijani wenye kunata juu ya shaba na fedha, mipira ya kufungia ina salfa inayoyafanya madini ya fedha kuwa meusi, na karatasi za kawaida zina asidi. Badala yake zitumike bahasha za karatasi isiyo na asidi, au vishikizo vya kadibodi vyenye dirisha la plastiki isiyo na PVC, ambavyo hubanwa bila pini kuigusa sarafu. Wakati wote sarafu ishikwe kwa ukingo, katikati ya kidole gumba na cha shahada, juu ya kitambaa kilichotandikwa mezani, kwa sababu jasho la kidole likiachwa juu ya uso wa sarafu isiyotumika huweza kuchora alama ya kudumu.

Sarafu bandia hutambuliwaje?

Kinga ya kwanza ni vipimo. Mwanagenzi anahitaji lenzi inayokuza mara 5 hadi 10, mizani ya sonara inayosoma sehemu ya mia ya gramu, kalipa, ambayo ni chombo cha kupimia upana kwa milimita, sumaku ndogo, na kitabu cha orodha kinachotaja uzito na metali ya kila sarafu. Sarafu inayodaiwa kuwa ya fedha au dhahabu halafu ikavutwa na sumaku ina chuma ndani yake, na mjadala huishia hapo.

Kipimo cha pili ni cha ujazo, nacho kinaweza kuelezwa kwa reale ya Maria Theresa, yenye uzito wa gramu 28.07 na madini ya fedha yapatayo sehemu 833 kwa 1,000. Baada ya sarafu kupimwa ikiwa kavu, bilauri yenye maji huwekwa juu ya mizani na mizani hurudishwa kwenye sifuri, kisha sarafu iliyofungwa kwa uzi mwembamba hushushwa hadi izame yote bila kugusa kuta wala kitako cha bilauri. Namba inayosomeka ni ujazo wa sarafu kwa sentimita za ujazo, na reale halisi hutoa takribani 2.75, kwa kuwa 28.07 ikigawanywa kwa 2.75 hupatikana 10.2, msongamano unaotarajiwa wa mchanganyiko huo wa fedha na shaba. Kipande cha shaba njano kilichopakwa rangi ya fedha, hata kikiwa na uzito uleule, hutoa namba inayokaribia 3.3 na kujifichua. Kwa sarafu ghali kama rupia 15 za Tabora, ambazo huigwa mara nyingi, vipimo vya nyumbani havitoshi, na mnunuzi adai cheti cha taasisi inayotambulika.

Sarafu zipatikane wapi, na sheria inasemaje?

Mahali pa kwanza ni nyumbani, kwa wazee wa familia, ambao mara nyingi wana senti na heller ndani ya makasha na pia wana habari za zilikotoka, na habari hizo zina thamani sawa na sarafu zenyewe. Mahali pa pili ni kwa masonara na wauzaji wa vitu vya kale katika miji kama Zanzibar na Mombasa. Hapo mnunuzi akumbuke kwamba reale nyingi ziliyeyushwa au kugeuzwa mapambo, kwa hiyo aangalie ukingo kama una alama ya pete iliyolehemiwa. Mahali pa tatu ni benki na chenji ya kila siku, ambako sarafu mpya hupatikana kwa thamani iliyoandikwa juu yake.

Ardhini si mahali pa kutafuta sarafu. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya mwaka 1964 inavilinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya Kenya ya mwaka 2006 inavihesabu kuwa mambo ya kale vitu vilivyotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya mwaka 1895, kwa hiyo kuchimba magofu au kusafirisha vitu hivyo nje bila kibali ni kosa. Sababu yake inaonekana Mtambwe Mkuu, kisiwani Pemba, ambako watafiti walipata mwaka 1984 hazina ya zaidi ya sarafu 2,000 za fedha pamoja na dinari chache za dhahabu. Dinari hizo, ambazo umri wake hujulikana, ziliwasaidia kukadiria wakati ambapo hazina ya sarafu za fedha zisizo na tarehe ilifukiwa. Kama mtu angeichimba hazina hiyo usiku na kuuza dhahabu upande mmoja na fedha upande mwingine, elimu hiyo ingepotea yote. Anayeokota sarafu ya kale shambani au ufukweni aache mahali hapo kama palivyo, aandike palipo na kuwaarifu wahusika wa mambo ya kale.

Je, sarafu za baada ya uhuru zinastahili kukusanywa?

Zinastahili, na tena ndizo zinazopotea kwa kasi zaidi kwa sababu watu wengi hudhani zipo daima. Sarafu za kwanza za Tanzania za mwaka 1966 zilimwonyesha Mwalimu Nyerere upande wa mbele, na upande wa nyuma samaki kwenye senti 5, mbuni kwenye senti 20, sungura kwenye senti 50 na mkono ulioshika mwenge kwenye shilingi 1, thamani zikiwa zimeandikwa kwa Kiswahili. Seti hiyo ya sarafu nne huweza kukamilishwa kwa gharama ndogo, lakini kuipata yote ikiwa katika hali isiyotumika kunadai subira.

Kenya nayo inatoa mfano wa katiba iliyobadilisha sarafu. Kwa miongo mingi sarafu zake zilikuwa na sura za marais Kenyatta, Moi na Kibaki, ikiwamo ile ya shilingi 40 iliyotolewa mwaka 2003 kuadhimisha miaka 40 ya uhuru, lakini Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 231, ilikataza noti na sarafu kubeba picha ya mtu yeyote, na Desemba 2018 zikatolewa sarafu mpya zenye twiga kwenye shilingi 1, kifaru kwenye shilingi 5, simba kwenye shilingi 10 na tembo kwenye shilingi 20. Mwanafunzi anayepanga sarafu hizo mbele yake kwa mfuatano wa miaka huona mabadiliko ya fikra kuhusu dola na kiongozi kwa uwazi mkubwa.

Kumbukumbu za mkusanyiko ziandikweje?

Kila sarafu ipewe namba, na katika daftari chini ya namba hiyo yaandikwe nchi, thamani, mwaka, mtawala, metali, uzito, upana, alama ya kiwanda, hali, kasoro, bei, tarehe ya kupatikana, na jina la mahali ilipotoka kwa kadiri inavyojulikana. Picha za pande zote mbili zihifadhiwe pamoja na maelezo hayo, na nakala ya pili iwekwe mahali pengine. Kipengele kinachorukwa zaidi ni mahali ilipotoka, nacho ndicho hasa kisichoweza kurudishwa kikishasahauliwa. Mwaka 1944 askari mmoja wa Australia aliokota katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi yake, sarafu tisa, nne za Kiholanzi na tano za Kilwa. Zilikaa kwake miaka mingi kabla hajazifikisha kwa wataalamu, na mpaka leo watafiti wanajadiliana zilivukaje bahari hadi huko, kwa kuwa mchanga zilimotoka haukuchunguzwa wakati ule.

Daftari la namna hiyo pia huwafaa warithi, ambao bila maelezo huweza kuupeleka mkusanyiko wa maisha mazima kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, na huiwezesha shule au makumbusho kuupokea na kuutumia mara moja. Kwa sababu hiyo, mwanagenzi aliye na senti kumi za kawaida, zote zimesomwa, zimepimwa na kuandikiwa zilikotoka, amekwisha kuanza vizuri kuliko aliyenunua rupia ya dhahabu na kuifungia kabatini, na hatua yake inayofuata ni kuifanya ya kumi na moja kwa uangalifu uleule.